Siku moja Guangzhou kwa yuan 100: namna ya kuipanga

Maneno haya yalitolewa Kalemie, mbele ya wanachama wanaojiandaa kwa safari ya manunuzi. Tumeyaweka kwa maandishi ili wale ambao hawakufika, pamoja na wafadhili wetu, wayasome.



Mumeniomba niseme juu ya safari ya Guangzhou. Juu ya bei za vitenge, simu na vipuri vya pikipiki, kuko watu hapa wanaojua kunishinda, na sitawafundisha. Mimi nilikaa mji ule miaka ya masomo tu, si miaka ya biashara. Kwa hiyo nitasema juu ya ile siku moja ambayo karibu kila mnunuzi anaipata, apende asipende. Ni siku ambayo oda imelipwa, mizigo iko kwa depo ya msafirishaji inangojea kupimwa na kufungwa, na ndege bado. Siku hiyo wengi wanalala hotelini, ao wanarudi sokoni kuongeza vitu ambavyo havikuwa kwenye orodha. Mimi naomba muipange, mutembee mji.

Najua mkutano uliopita kulikuwa maneno. Mzee wetu mmoja alisema wazi: "Tunawatuma na makuta ya watu. Hatuwatumi kutembea." Ni neno la haki na sitalipita pembeni. Makuta yanayokwenda Guangzhou ni ya watu wengi. Mwingine ameuza mbuzi, mwingine ametoa akiba ya mwaka mzima, mwingine ni mjane ambaye jina lake liko kwenye daftari na hajaona ndege kwa karibu hata siku moja. Msafiri akirudi na picha nyingi za minara na bidhaa pungufu, imani imevunjika. Na imani ikivunjika, chama kimekufa, hata kama sanduku bado liko na funguo zake tatu.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: makuta ya matembezi hayatoki kwa sanduku la chama, hayatoki kwa mkopo, hayatoki kwa msaada wa wafadhili. Yanatoka kwa mfuko wa msafiri mwenyewe, yanatengwa kabla ya kuondoka Kalemie, yanakaa ndani ya bahasha yake peke yake. Kazi yangu ya kila siku kwa shirika ni misheni, perdiem na ripoti, na kazi hiyo imenifundisha jambo moja: makuta yaliyochanganyika hayana mwenyewe. Yaliyo ndani ya bahasha yanajulikana mwanzo na mwisho.

Bahasha hiyo iwe na yuan 100. Dola moja inapata yuan 7 hivi, kwa hiyo ni kama dola 14 ao 15. Nitawaonyesha kwamba zinatosha kutoka asubuhi mpaka usiku.

Mtu anaweza kusema: si bora alale tu, asitumie kitu? Haiko hivyo. Anayebaki hotelini anakula, anakunywa, anapanda teksi kwenda kusalimia mwenzake. Na anayerudi sokoni bila orodha, huyo ndiye hatari kubwa kwa chama. Anaona viatu vya bei rahisi, anasema "niongeze dazeni mbili tu", halafu uzito unapanda na gharama ya mizigo inapanda nao. Siku iliyopangwa inakula kidogo kuliko siku iliyoachwa wazi.

Na kuko jambo lingine ambalo sisi wa chama hiki tunalielewa kuliko wafanyabiashara wengine. Wengi wetu tulirudi kutoka Lugufu, Nyarugusu, Mwange, Kala. Tuliishi miaka ndani ya nchi za watu bila kuziona. Kutoka kambini kulihitaji karatasi ya ruhusa, na bila karatasi ulirudishwa ao ulifungwa. Kuko watu hapa waliokaa Tanzania miaka kumi na mbili na walichokijua ni barabara ya kwenda kuchota maji na kituo cha mgao. Leo mtu yule yule yuko na pasporti yenye jina lake na viza ndani. Akitembea mji mkubwa siku moja kwa miguu yake, bila kuomba ruhusa kwa mtu, mimi siwezi kuiita anasa.

Sasa maandalizi.

La kwanza ni karatasi. Sheria ya China inamtaka mgeni mwenye miaka 16 na zaidi atembee na pasporti yake. Si fotokopi, ni pasporti yenyewe. Polisi wanaweza kuiomba barabarani, na maeneo mengi ya kutembelea yanaiomba mlangoni. Hoteli ikikupokea inakuandikisha kwa polisi. Ukilala kwa ndugu ao rafiki, wewe na mwenye nyumba muko na masaa 24 ya kwenda kujiandikisha wenyewe. Hesabuni siku za viza vizuri. Ukipitisha siku, faini ni yuan 500 kwa kila siku mpaka kufika 10,000, na unaweza kufungwa. Siku moja ya uzembe inakula bahasha tano kama hii ninayosema. Kwa hiyo siku ya matembezi isiwe siku ya mwisho ya viza, na isiwe siku ya ndege. Iwekeni katikati, mizigo ikishafika depo.

La pili ni simu. Kwa mtandao wa kawaida wa China, WhatsApp, Facebook na Google hazifunguki. Musingojee kufika kule ndipo mushangae. Kabla ya kuondoka, wekeni kwenye simu programu ya Alipay. Siku hizi mgeni anaweza kuunganisha kadi ya Visa ao Mastercard na kulipa nayo, kwani kule hata muuza maandazi analipwa kwa simu. Lakini musiache makuta ya mkononi: yuan ndogo ndogo za noti 5 na 10. Chukueni pia kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina. Ukipotea, unaonyesha kadi. Haihitaji Kiingereza wala Kifaransa.

La tatu ni majira. Maonyesho makubwa ya biashara, yale wanayoyaita Canton Fair, yako tangu 1957, na yanafanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili na kuanzia Oktoba. Wakati huo hoteli zinapandisha bei sana. Asiye na kazi kwenye maonyesho apange safari nje ya wiki hizo. Na miezi ya kati ya mwaka ni joto la kutoka jasho na mvua za ghafula, kwa hiyo mwavuli na chupa ya maji. Maji ya bomba hayanywewi bila kuchemsha.

Haya, tuondoke. Nafikiri mutalala upande wa Xiaobei, kwa sababu ndipo Waafrika wengi wanapofikia tangu miaka ya mwanzo wa biashara hii, na ndipo depo nyingi zilipo.

Asubuhi saa moja na nusu, chai. Maandazi ya mvuke yenye nyama ao mboga ndani na kikombe cha maziwa ya soya havizidi yuan 10. Kwa ndugu zetu Waislamu, Xiaobei kuko migahawa ya Waislamu wa China wenyewe, yenye neno halali kwa Kiarabu juu ya mlango. Tambi zao za kuvutwa kwa mikono zinashibisha kweli kweli.

Kutoka hapo, kwa miguu, mwende bustani ya Yuexiu. Kuingia ni bure. Ni kilima chenye miti na maziwa madogo, na asubuhi mutakuta wazee wa mji wanacheza ngoma, wanafanya mazoezi ya polepole, wanaimba. Juu kuko sanamu ya mawe iliyowekwa 1959, ya kondoo watano, ingawa ukiwatazama utasema ni mbuzi. Kwa Kichina neno ni moja. Hadithi ya mji inasema watakatifu watano walikuja wamepanda wanyama hao, wakaleta masuke ya nafaka, wakawaombea watu wa pale wasipate njaa tena. Ndiyo maana Guangzhou unaitwa Mji wa Kondoo. Mji wenye minara ya kioo, na alama yake bado ni mbuzi na mavuno. Mkulima wa Moba ataielewa bila mkalimani. Ndani ya bustani hiyo hiyo kuko mnara wa Zhenhai, wa ghorofa tano, uliojengwa kwanza mwaka 1380. Kuutazama kwa nje ni bure, kuingia ndani kunalipiwa. Tazameni kwa nje.

Kisha metro, yaani treni ya chini ya ardhi. Mashine ya tiketi iko na Kiingereza. Kilometa 4 za kwanza ni yuan 2. Kutoka kituo cha Yuexiu Park, laini ya 2, mushukie Gongyuanqian. Kutoka hapo ni mwendo mfupi mpaka barabara ya Beijing, ambayo ni ya waenda kwa miguu. Hapo musiangalie maduka, angalieni chini. Mwaka 2002 walichimba wakakuta barabara za zamani zimelaliana, tabaka 11, za zaidi ya miaka elfu moja. Wameziwekea kioo juu, unatembea unaziona. Watu wamepita hapo hapo kuuza na kununua kwa vizazi vyote hivyo.

Mutembee kuelekea mto na kufuata barabara ya Yide mpaka kanisa kuu la Moyo Mtakatifu. Watu wa pale wanaliita Nyumba ya Mawe, kwani lote ni mawe ya granite, lilijengwa kuanzia 1863 mpaka 1888 kwa mfano wa makanisa ya Ufaransa. Kwa miaka mingi Waafrika wamekuwa wakihudhuria misa ya Kiingereza hapo siku ya Jumapili. Kuingia hakulipiwi. Lakini mujue pia kiwanja kile kilikuwa makao ya gavana mkuu wa mfalme wa China, na yaliharibiwa kwenye vita na Waingereza na Wafaransa. Mtu anaweza kusali vizuri na kujua historia, vyote viwili.

Saa sita, chakula. Tafuteni mgahawa ambamo wafanyakazi wa pale wanakula, si ule wenye picha kubwa za Kiingereza. Wali na nyama, ao tambi, ni yuan 15 mpaka 25.

Baada ya chakula, metro kituo kimoja, kutoka Yide Lu mpaka Cultural Park, halafu kwa miguu mpaka Shamian. Anayependa atembee njia yote, ni kama nusu saa. Shamian ni kisiwa kidogo, urefu wake haufiki kilometa moja, chenye miti mikubwa ya kivuli na nyumba za zamani za Wazungu. Vijana wa mji wanapigia hapo picha za arusi. Ni pazuri sana. Lakini kaeni kwenye benchi muwaze. Mwaka 1861 Waingereza na Wafaransa walikipata kisiwa hiki kwa nguvu ya vita. Kilitengwa na mji kwa mfereji, madaraja yakawekewa milango na walinzi. Sisi wa Kalemie, mji uliokuwa ukiitwa Albertville, wazee wetu wanajua maana ya mji wa Wazungu upande huu na kartie ya wenyeji upande ule. Tarehe 23 Juni 1925 wafanyakazi na wanafunzi waliandamana ng'ambo ya mfereji, wakapigwa risasi kutoka Shamian, wakafa zaidi ya 50. Barabara ile ya ng'ambo leo inaitwa Sita-Mbili-Tatu, yaani mwezi wa sita, tarehe 23. Hawakuiandika kwenye vitabu tu, waliiweka kwenye anwani za nyumba zao.

Sasa nafika mahali ambapo, kama muko na nguvu ya kwenda pamoja tu siku nzima, ningewaambia muende hapo. Kutoka Shamian muende kituo cha Huangsha, laini ya 1, vituo viwili, mushukie Chen Clan Academy. Kiingilio ni yuan 10. Mufike kabla ya saa kumi ya jioni ili musifungiwe.

Ni nyumba ya nini? Mwisho wa karne ya 19, watu wa ukoo wa Chen wa wilaya 72 za jimbo la Guangdong walichanga makuta. Wengi hawakujuana, walishiriki jina tu. Shida yao ilikuwa hii: mtoto wa kijijini akija mjini kufanya mtihani wa serikali, mtu akija kulipa kodi ao kufuata kesi, hakuwa na pa kulala wala mtu wa kumwongoza. Basi wakajenga nyumba ya wote, ikamalizika mwaka 1894. Majengo 19, viwanja vya ndani, mbao na mawe yaliyochongwa, na juu ya mapaa watu na wanyama wa udongo wa rangi kwa mamia. Waliochanga waliwekewa vibao vya majina ya wazee wao ndani ya ukumbi.

Munaona ninachotaka kusema? Kile ni chama cha kusaidiana. Sisi wenyewe ndio tulioanza na sufuria za kuazimana na kapanda ka mchango wa mazishi, halafu watoto wetu wanaokwenda Lubumbashi kwa masomo wakakosa pa kufikia. Wale walikuwa na shida ile ile. Halafu mtihani wa mfalme ukafutwa mwaka 1905, lakini nyumba haikufa, ikawa shule, leo ni makumbusho ya kazi za mikono. Kitu kilichojengwa na wengi kwa hesabu safi kinaweza kuishi kuliko sababu iliyokizaa. Mwanachama akisimama kwenye kiwanja kile dakika kumi, atarudi kwenye mkutano wetu wa Jumamosi na macho mengine. Yuan 10 hizo ni karo ya shule.

Jioni, metro laini ya 1 mpaka Tiyu Xilu, mubadilishe laini ya 3, mushukie Zhujiang New Town. Hapo ni bustani ya Huacheng, katikati ya majumba marefu. Ng'ambo ya mto mutaona mnara wa Canton, meta 600, unawaka rangi zote. Kupanda juu ni zaidi ya yuan 100, peke yake inameza bahasha yote. Kuutazama kutoka ukingoni ni bure, na kwa kweli mnara unaonekana vizuri zaidi ukiwa nje yake. Pigeni picha hapo. Saa mbili za usiku kule ni saa nane za mchana hapa Kalemie, kwa hiyo mutakuta watu wa nyumbani wako macho. Kurudi, laini ya 5 inawafikisha Xiaobei moja kwa moja. Musingojee treni ya mwisho.

Ikiwa mvua imeshika, jumba la makumbusho la Guangdong liko hapo hapo karibu na Huacheng, na kuingia ni bure kwa pasporti, ila Jumatatu wanafunga na ni vizuri kuandikisha nafasi mbele.

Tufanye hesabu. Metro zote, yuan 15. Kiingilio, 10. Chakula mara tatu, 60. Maji, 5. Jumla 90. Zinabaki 10 za dharura. Zisipotumika, zinarudi na mwenyewe, si kununua kofia.

Maonyo mafupi. Tembeeni wawili wawili. Makuta ya bidhaa yasitembee nanyi. Siku hiyo yawe yamekwisha kulipwa. Risiti za depo ziacheni mahali salama na picha zake kwa simu. Mtu wa barabarani akiwaambia anajua mahali pa kubadilisha dola kwa bei nzuri, mumshukuru na muende benki. Watu watawatazama, wengine wataomba picha. Ni juu yenu kukubali ao kukataa kwa upole.

Ninaomba komite iandike mambo matatu kwenye karatasi ya safari. Moja, bahasha ya matembezi ni ya msafiri mwenyewe, na haizidi yuan 100. Mbili, haifunguliwi mpaka risiti ya depo imetumwa kwa mweka hazina. Tatu, kila anayerudi anapewa dakika kumi kwenye mkutano kusimulia alichoona, kama vile anavyosoma hesabu ya bidhaa. Hilo la tatu ndilo litakalomfikia yule mama mjane ambaye jina lake liko kwenye daftari. Makuta yake yamekwenda mpaka China. Ni haki yake asikie walikopita.

Mzee wetu aliyesema hatuwatumi kutembea, mimi nakubaliana naye. Tunawatuma kununua. Lakini siku ile ya kungoja iko, na itapita hata tusipoitumia. Komite ikae, ijadili, ituambie.